Semina ya Walimu Wakuu Imekwisha: Tutajuaje Kama Imefaa?

Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hudhani halituhusu, nalo ni mafunzo ya usimamizi wanayopewa walimu wakuu, manaibu wao na makarani wa hesabu wa shule za sekondari zinazodhaminiwa na Kanisa Katoliki huko mashambani, Kwale na Taita Taveta. Mtu atauliza, "Sisi ni kikundi cha akina mama wafuga kuku, semina ya mwalimu mkuu inatuhusu nini?" Inatuhusu sana, mama. Pesa za kuku ndizo karo. Na karo ikishaingia mlango wa ofisi ya shule, iko mikononi mwa mtu ambaye pengine alisomea kufundisha Hesabu na Fizikia, wala hakusomea kuendesha jiko la watu 300, stoo, bweni, tangi la maji na mishahara ya wapishi.

Semina hizo mara nyingi hufanyika hapa kisiwani Mombasa. Washiriki huvuka feri pale Likoni, au huteremka na matatu kutoka Voi, wakakaa ukumbini siku tatu au tano chini ya feni. Jioni hutembea kidogo Mji wa Kale, wakapita Fort Jesus na Ndia Kuu, wakarudi Marikiti kununua bizari za kupeleka nyumbani. Siku ya mwisho ni vyeti na picha ya pamoja. Hatusemi haya kwa kejeli. Mwalimu anayekaa mwaka mzima mahali pasipo na maji ya mfereji anastahili kupumzika kama watu wengine. Lakini mafunzo hayo yana gharama, na pesa hizo zimetoka mahali: sadaka za waumini, mfuko wa shule au wafadhili. Basi ni haki kuuliza: Jumatatu akirudi shuleni, ni kitu gani kitakachofanyika tofauti na wiki iliyopita?

KWA NINI WALIMU WAKUU WANAFUNZWA

Zamani shule za misheni ziliendeshwa na misheni yenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilibadilisha mambo. Shule zikawa za serikali, na Kanisa likabaki kuwa mdhamini. Walimu nao walikuwa wamekwisha kuwekwa chini ya Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iliyoundwa mwaka 1967. Tangu hapo mwalimu mkuu wa shule inayodhaminiwa na Kanisa ana mabwana wengi. TSC ndiyo inayomwajiri na kumhamisha. Wizara ya Elimu inamletea fedha na kukagua vitabu. Askofu na parokia wanataka kuona malezi mema. Wazazi wanataka matokeo mazuri na karo ndogo, vyote viwili kwa pamoja!

Serikali iliona mapema kwamba mwalimu hodari darasani si lazima awe hodari ofisini. Mwaka 1981 ilianzisha chuo cha kuwafunza wasimamizi wa elimu, KESI, ambacho mwaka 2010 kilibadilishwa jina kuwa KEMI. Jirani zetu Tanzania walikuwa na chuo kama hicho Bagamoyo, kikiitwa MANTEP, ambacho tangu mwaka 2001 kinajulikana kama ADEM. Kwa hiyo mafunzo yenyewe si jambo geni. Lililo haba ni kufuatilia baadaye na kuona yamezaa nini.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inawapa wazazi nafasi katika kazi hii. Kila shule ya umma ya sekondari ina Bodi ya Usimamizi. Ndani yake wapo wawakilishi 6 wa wazazi na wawakilishi 3 wa mdhamini, pamoja na mwakilishi wa walimu na wengine. Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi hiyo, si mwenyekiti wake. Shikeni hilo. Tumekutana na wazazi wengi ambao huamini kwamba bodi ni watu wa kuitwa na mwalimu mkuu kuja kunywa chai na kutia sahihi.

MASWALI MANNE YA KUPIMA MAFUNZO

Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, aliandika mwaka 1959 na 1960 juu ya namna ya kupima mafunzo yoyote ya watu wazima. Mawazo yake yameenea dunia nzima kwa sababu ni mepesi. Alisema tupime mara nne. Je, waliohudhuria walipendezwa? Je, walijifunza kitu? Je, wanakitumia kazini? Na mwisho, je, kazi yenyewe imebadilika kwa sababu hiyo?

Swali la kwanza ndilo rahisi, na kwa hiyo ndilo huulizwa kila mara. Siku ya mwisho hugawiwa karatasi: chakula kilikuwaje, mkufunzi alieleweka, ukumbi ulifaa? Watu huandika "vizuri sana" huku wakitazama saa wasikose gari. Karatasi hizo zina faida yake, lakini zinapima ukumbi. Shule hazipimi.

La pili ni jaribio fupi kabla na baada. Mpe karani wa hesabu karatasi za benki na kitabu cha fedha, mwambie avilinganishe. Kama siku ya kwanza hakuweza na siku ya tano ameweza, amejifunza. Hili hatutalikalia zaidi, maana ni kazi ya wakufunzi.

La tatu na la nne ndipo penye uzito, na ndipo penye uvivu pia. Hayo hayajibiwi ukumbini. Yanajibiwa shuleni, miezi mitatu, sita au mwaka mmoja baadaye, na wanaoweza kuyajibu ni wale waliopo pale kila siku. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Wale kati yenu waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya 1970 kwa kazi ya Anne Hope na Sally Timmel, watakumbuka jambo hili: tathmini si ya mtaalamu peke yake. Anayeguswa na kazi ndiye wa kwanza kuipima. Hebu basi tuone jinsi kikundi cha kijijini kinavyoweza kupima, bila diploma wala kompyuta.

MFANO WA STOO

Tuchukue shule ya kubuni yenye wanafunzi 240 wanaokula chakula cha mchana. Tuseme kila mmoja amepangiwa gramu 300 za mahindi kwa siku. Hiyo ni kilo 72 kwa siku moja, na kilo 360 kwa siku tano, yaani magunia 4 kamili ya kilo 90. Muhula ukiwa na wiki 13, mahindi yatakayoliwa ni magunia 52.

Sasa mwalimu mkuu na mtunza stoo wametoka kwenye semina, na mojawapo ya masomo ilikuwa kuweka kadi ya stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, tarehe, sahihi. Mwisho wa muhula mwakilishi wenu katika bodi anaomba kadi ile. Kama hakuna kadi, jibu la swali la tatu mmeshalipata. Kama ipo na inaonyesha magunia 60 yametoka, kuna magunia 8 ya kuelezwa. Huenda maelezo ni ya haki kabisa. Labda wageni wa michezo walilishwa, labda magunia mawili yaliliwa na fukusi. Ndiyo maana tunasema aulizwe, hatusemi ashtakiwe. Lakini gunia likiwa sh. 4,000, magunia 8 ni sh. 32,000, na kama kila mtoto hulipa sh. 8,000 za chakula kwa mwaka, hiyo ni pesa ya watoto wanne. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi chenu mnalijua hilo vizuri, maana hakuna mwekahazina wenu anayethubutu kuja mkutanoni mikono mitupu.

Hapa tutoe maoni yetu wazi. Kadi ya stoo moja iliyojazwa kila siku kwa muhula mzima inatuambia zaidi juu ya semina kuliko vyeti kumi vilivyotundikwa ukutani ofisini.

SIKU ZA KUTUMWA NYUMBANI

Jambo la pili la kupimwa linauma zaidi, kwa sababu linampata mtoto mwenyewe. Mtoto akitumwa karo, hupotea masomo siku ya kwenda, siku ya kukaa akisubiri baba auze mbuzi, na siku ya kurudi. Msichana anayetembea kilomita nyingi kwenda nyumbani na kurudi hukutana na mengi njiani. Wengine hawarudi tena.

Mwalimu mkuu hafurahii kuwafukuza watoto. Ana deni la mwenye duka la mahindi, na mgao wa serikali, uliopangwa kuwa sh. 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka tangu 2018, huweza kuchelewa. Usimamizi mzuri huonekana hapo hapo kwenye dhiki. Msimamizi aliyefunzwa hupanga bajeti kwa kufuata miezi ambayo pesa huja kweli, hukaa na mzazi wakaandikiana mapatano ya kulipa kidogo kidogo, na hujua ni mzazi yupi ana kikundi ambacho zamu yake ya kupokea mchango ni mwezi wa sita. Asiyefunzwa, au aliyefunzwa akasahau, hupiga kengele ya paredi na kutoa orodha.

Kikundi kinaweza kuhesabu jambo hili chenyewe. Tuseme kikundi cha wanachama 25 kina watoto 18 katika shule moja. Katibu aandike katika daftari kila siku ambayo mtoto yeyote amekosa masomo kwa sababu ya karo. Kama muhula kabla ya semina jumla ilikuwa siku 96, na muhula kama huo mwaka unaofuata ni siku 41, mna kitu cha kuzungumza. Angalieni kwamba tumesema muhula kama huo. Muhula wa kwanza una mzigo wa sare na vitabu, hauwezi kulinganishwa na wa tatu.

Wala msikimbilie kupiga vigelegele. Pengine siku zimepungua kwa sababu mvua ilikuwa nzuri na mahindi yakauzika, au kwa sababu basari zilitoka mapema mwaka ule. Muulizeni mwalimu mkuu alibadilisha nini, halafu waulizeni wazazi kama ni kweli. Kama kuna mapatano ya karo yaliyoandikwa na kutiwa sahihi, ambayo zamani hayakuwepo, hapo mafunzo yana sehemu yake. Kama hakuna kilichobadilika ofisini, basi shukrani ni za mvua.

MLANGO WA BWENI

Tumeweka hili peke yake kwa sababu halipimwi kwa shilingi. Mwezi wa Machi 1998 moto uliteketeza bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, si mbali na kisiwa chetu, na wasichana zaidi ya 20 walikufa. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 watoto 21 walikufa kwa moto katika bweni la Hillside Endarasha, Nyeri. Miaka 26 imepita kati ya ajali ya kwanza na hii ya mwisho, na katikati yake, mwaka 2008, Wizara ya Elimu ilikuwa imetoa kitabu cha usalama shuleni kinachoeleza kila kitu: milango ya bweni iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma, nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2.

Maarifa yapo, basi. Kila semina ya usimamizi ina saa yake ya usalama. Kupima kama saa hiyo ilifaa hakuhitaji mtaalamu. Siku ya wazazi, baada ya hotuba, akina mama wawili waombe kuona wanapolala binti zao. Sukuma mlango: unafunguka kwenda wapi? Ufunguo wa usiku anao nani? Tazama dirisha. Muulize mtoto, si mwalimu, mara ya mwisho walipofanya zoezi la kutoka nje usiku ilikuwa lini. Hatua za kanga yako kati ya vitanda zitakutosha kwa kipimo.

Shule ikisema haina pesa za kuondoa vyuma vya madirisha mwaka huu, bodi na ipange mwaka na mwezi. Lakini kuacha kufunga mlango kwa kufuli kutoka nje hakugharimu hata senti moja.

TAHADHARI CHACHE

Watu wengi hupima mwalimu mkuu kwa matokeo ya KCSE tu. Sisi tunaona hilo ni kosa. Matokeo huja kwa miaka minne ya kazi, na hutegemea ni watoto gani walioingia. Shule inayopokea walioachwa na shule kubwa haiwezi kushindanishwa na hizo kwa mwaka mmoja, hata msimamizi awe malaika.

Halafu kuna uhamisho. TSC humhamisha mwalimu mkuu, naye huondoka na mafunzo yake yote kichwani. Mwaka 2018 walimu wakuu wengi walihamishwa kwa mkupuo kutoka kaunti zao. Kama aliyefunzwa alikuwa yeye peke yake, shule inaanza upya. Kwa hiyo, ikiwa mchango wetu unaombwa kwa ajili ya semina, sisi tungependelea watu wanne wa shule moja wafunzwe pamoja: mwalimu mkuu, naibu, karani wa hesabu na mmoja wa bodi. Tena wafunzwe hapo hapo shuleni, vitabu vya shule yenyewe vikiwa mezani, kuliko mwalimu mkuu mmoja kutoka kila shule kuja kukaa hotelini Mombasa.

Kwale wazazi wengi ni Waislamu, na watoto wao wako katika shule hizi. Sheria ya 2013 inampa mdhamini kazi ya kulea roho za wanafunzi lakini pia inamtaka alinde imani ya wengine. Semina isiyogusa jambo hili imeacha kitu kikubwa. Mwezi wa Ramadhani, jiko linapangwaje? Je, mzee wa msikiti amewahi kukaa katika bodi? Sisi tunaoishi kisiwa kimoja na Mji wa Kale, ambapo kengele na adhana husikika mtaa kwa mtaa, hatuwezi kujifanya hatulijui.

Mwisho wa tahadhari: ulizeni kwa heshima na kwa njia yake. Kila mzazi ni mwanachama wa Chama cha Wazazi cha shule. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na shule ya umma ni ya serikali. Lakini haki ikidaiwa kwa kelele ofisini mbele ya wanafunzi, hakuna atakayefaidika. Mwakilishi wenu aandike barua fupi kabla ya mkutano: "Mwalimu Mkuu, salaam. Wazazi wa kikundi chetu tunashukuru kwa kazi yako. Tungeomba katika mkutano ujao bodi itueleze mambo matatu yaliyobadilika tangu mafunzo ya mwezi wa nne, na tuonyeshwe kadi ya stoo." Mwalimu mkuu mwema atafurahi kuulizwa, kwani mara nyingi hakuna aliyewahi kumwuliza. Wakufunzi nao wapelekewe nakala ya majibu. Bila hivyo watarudia somo lile lile mwaka ujao, na maandazi yale yale ya saa nne.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Ni nani kati yetu anawajua kwa majina wawakilishi 6 wa wazazi katika bodi ya shule yetu? Mara ya mwisho walituletea habari lini?

Kikundi chetu wenyewe kilipata mafunzo gani miaka miwili iliyopita, ya ufugaji, ya vitabu au ya uongozi? Tukijiuliza swali la tatu la Kirkpatrick bila kuoneana haya, tunatumia lipi leo?

Muhula uliopita watoto wetu walikosa siku ngapi kwa sababu ya karo? Kama hakuna aliyehesabu, ni nani atakayeshika daftari hilo, na ataanza Jumatatu gani?